Chambo cha samaki kapu (carp) Ziwa Naivasha: ugali au mahindi?

Umeuliza kwa nini donge la ugali linatoka kwenye ndoano kabla kapu hajagusa. Naivasha mshukiwa wa kwanza ni kamba wa maji baridi, wale wekundu walioletwa ziwani mwaka 1970. Wanamenya chochote laini kilichotulia chini.

Badilisha, tumia mahindi makavu. Loweka saa 24, chemsha kama nusu saa mpaka punje ibonyee kwa kucha bila kupasuka, kisha yaache siku moja au mbili kwenye maji yake hayo hayo yachachuke. Harufu ndiyo inayomvuta kapu. Usitupe ziwani mahindi makavu yasiyochemshwa, yanavimba tumboni mwa samaki.

Punje zisifunike ndoano. Kapu hufyonza chambo, akishuku anakitema. Tunga punje mbili kwenye uzi mfupi unaoning'inia nyuma ya ndoano namba 6 au 8, ncha ibaki wazi. Chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) iwe nzito kiasi, gramu 60 hivi. Akiondoka na chambo, uzito huo unamchomea ndoano mdomoni.

Mwaga konzi tatu nne za mahindi hayo yaliyochemshwa mahali pamoja, basi. Ukizidisha atashiba bila kufika kwako.

Ukipenda ugali bado, ongeza unga wa ngano theluthi moja na ukande hadi usigande mkononi. Minyoo? Perege wadogo wataimaliza.

Na ukivua ukingoni, ondoka kabla ya giza. Viboko hupanda malishoni jioni.