Maswali ya wasomaji: Ben Lomond alfajiri, peke yako

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni nesi hapa Glasgow, na Kilimanjaro nilishafika Uhuru. Katikati ya Septemba nataka kupanda Ben Lomond peke yangu, nianze gizani, nione jua likichomoza, mchana niwe nyumbani. Wenzangu kazini wananitisha. Mlima wa mita 974 una nini hasa? – Msomaji, Glasgow

JIBU: Hatujambo, dada. Hongera kwa Uhuru, ila kule ulikuwa na kiongozi anayeijua njia na wapagazi waliokubebea nguo kavu. Ben Lomond haina geti, ada wala kibali. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, kwa hiyo hata uamuzi wa kugeuza ni wako peke yako. Kimo hicho hakikatishi pumzi. Watu huponzwa na upepo, unyevu na wingu, hasa vikija kwa pamoja.

Tuanze na saa. Njia ya kawaida inaanzia Rowardennan, barabara ya Drymen na Balmaha inapoishia. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 12, na utapanda zaidi ya mita 900, kwa kuwa unaanzia ufukoni mwa ziwa la Loch Lomond. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 inahesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo unapata kama saa nne, bila kupumzika. Weka tano au sita. Katikati ya Septemba jua linachomoza karibu saa 12:50 asubuhi, kwa hiyo ili uwe kileleni kabla yake, ondoka Rowardennan kabla ya saa 10 usiku. Hakuna basi la kukufikisha huko saa hizo. Ukitaka kulala hemani kando ya ziwa, fahamu kwamba kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba ukanda ule unahitaji kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Loch Lomond na Trossachs.

Kama hujawahi kupita njia hiyo mchana, ushauri wetu ni uondoke kunapoanza kupambazuka. Jua litakukuta njiani, lakini utakuwa umeuona mlima kabla haujakufunika.

Njia yenyewe ni pana na imejengwa kwa mawe. Inapita kwenye miti, inatokea kwenye nyasi wazi, kisha inakuwa na mwinuko wa taratibu hadi chini ya kilele, ambapo inaanza kupinda kwa zigizaga. Ukimaliza kona hizo umefika mgongoni mwa mlima. Hapo ndipo pa kuwa macho: upande wako wa kulia kuna genge linaloshuka hadi bondeni, na njia inapita karibu na ukingo.

Makosa mengi hutokea wakati wa kushuka. Mtu anafika kwenye nguzo ya wapima ardhi, anajikinga upepo, anakunywa chai, kisha anainuka na kwenda kule alikoelekeza uso. Kwenye wingu pande zote zinafanana. Njia ya pili ya kushuka, ya Ptarmigan, inaanzia hapohapo kuelekea kaskazini-magharibi, nayo mwanzo wake ni mkali na una miamba. Kwa hiyo kabla ya kukaa, toa dira, tazama kusini-mashariki uliko mgongo uliopanda nao, na uweke begi lako upande huo. Ukishuka, genge liwe kushoto kwako. Likiwa kulia, simama, umeshapotea. Mara ya kwanza, rudi kwa njia uliyopandia.

Usiku wa kuamkia safari soma utabiri wa milimani wa Mountain Weather Information Service, achana na ule wa Glasgow mjini. Tazama kasi ya upepo kileleni na asilimia ya vilele kuwa bila wingu. Upepo ukitajwa kuwa maili 40 kwa saa au zaidi, ahirisha. Kama chini ziwani ni nyuzi 9, juu ni kama 3, na kwa upepo wa kilomita 50 kwa saa ngozi inahisi nyuzi 4 chini ya sifuri.

Mwachie mtu ujumbe: gari liko wapi, unapita njia gani, na saa ngapi apige simu asipokusikia. Ukipata ajali piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani, hawatozi pesa. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi unaweza kupenya pale simu inaposhindwa, lakini lazima namba yako iwe imesajiliwa kabla: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado nyumbani, kisha ufuate maelekezo. Bila mtandao kabisa, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Tochi nayo ni hivyohivyo.

SWALI: Jinzi na sweta ya pamba havitoshi? – Msomaji, Edinburgh

JIBU: Havitoshi. Pamba ikilowa, hata kwa jasho lako, inakaa na maji na kukunyonya joto. Ndani vaa sufu nyembamba au polyester, juu yake flisi, kisha koti na suruali ya mvua. Begini weka boshori, glavu jozi mbili, tochi ya kichwani na betri za akiba, maji lita moja na nusu, na chupa ya chai. Koti livae kabla ya kutokea mgongoni. Ukichelewa, upepo utakupokonya mikononi. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi inamaliza chaji, na ndiyo sababu ramani ya karatasi bado inahitajika. Theluji ikianguka usiende kabisa bila shoka la barafu na kramponi (vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu), na bila mtu wa kukufundisha kuvitumia.

SWALI: Nasikia kuna kupe. Kweli? – Msomaji, Aberdeen

JIBU: Wapo, hasa kwenye nyasi ndefu na magugu. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Ukimkuta, mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona wekundu unaotanuka hapo alipouma, hata wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa milimani: huenda ni ugonjwa wa Lyme, nao unatibika kwa antibiotiki.