Tunajua, hata tusipomshinda mwenye shaka

Swali la wiki hii lilikuwa: "Kama hatuwezi kuondoa kila shaka, je, tuna haki ya kusema tunajua jambo lolote?" Jibu langu ni ndiyo, tunayo. Ila sikubaliani na wanaolifikia jibu hilo kwa kumwambia mwenye shaka, yule anayedai hatujui lolote, kuwa tuna ushahidi. Hilo halimbabaishi. Hoja yake ni ya tangu enzi za Wagiriki, na aliyetuhifadhia ni mwanafalsafa Sextus Empiricus: kila ushahidi utakaotoa, utaulizwa ushahidi wake. Ama utatoa sababu bila kikomo, ama utazunguka urudi ulikoanzia, ama utafika mahali useme ndivyo ilivyo, basi. Sijamwona aliyepata mlango wa nne kwa kuongeza sababu.

Aliyeyaeleza haya kwa uchungu wa kweli ni Imamu Ghazali, mwalimu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, aliyefariki mwaka 1111. Anasimulia kwamba alianza kwa kuzipima hisia zake. Jicho linaona kivuli kimetulia, kumbe kinasogea. Linaiona nyota ndogo kama dinari, na jiometria inaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Akaegemea akili: angalau kumi ni zaidi ya tatu. Hapo, asema, hisia zikamrudia na swali: ulituamini mpaka akili ilipokuja kutukanusha, sasa una hakika gani kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine atakayeikanusha nayo? Ndoto zikalipa swali hilo nguvu zaidi. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, na alipopona hakudai kwamba alipata hoja. Alisema ni nuru aliyoitia Mungu kifuani mwake.

Wapo wanaosema hapo Ghazali aliikimbia falsafa. Mimi namheshimu kwa hapo hasa. Hoja hujengwa juu ya misingi, na misingi ndiyo iliyokuwa imeingiwa na shaka. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alipita njia inayofanana na hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1641 akadai ametoka kwa hoja, na mwanateolojia Antoine Arnauld akamwonyesha, katika pingamizi zilizochapishwa pamoja na kitabu chenyewe, kwamba hoja ile inazunguka.

Kwa hiyo tuache kudai hakika isiyotikisika. Lakini tukiiacha, tubaki na nini? Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu nzuri. Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier aliliangusha kwa makala ya kurasa tatu tu, akionyesha kwamba imani yenye sababu nzuri inaweza kuwa ya kweli kwa bahati tu. Dharmottara, mwanafalsafa wa Kibuddha wa India wa karne ya 8, alikuwa ameshaona jambo hilohilo: msafiri anaona mazigazi jangwani, anayafuata akidhani ni maji, na anapofika anakuta maji kweli chini ya jiwe. Aliamini kweli, lakini hakujua.

Nafanya kazi maabara, na mfano wa namna hiyo naweza kuutoa mezani pangu. Kipimo cha haraka cha malaria tunachokitumia sana hunasa HRP2, protini inayotolewa na kimelea aina ya Plasmodium falciparum. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na vimelea kufa. Sasa chukua mgonjwa aliyepona falciparum majuzi, akaambukizwa upya na Plasmodium malariae, aina ambayo kipimo hicho hakiinasi. Kipimo kinaonyesha malaria. Mhudumu anaamini ana malaria, ana sababu nzuri, na ni kweli anayo. Lakini mstari aliousoma umeletwa na ugonjwa uliokwisha. Hawezi kusema alijua.

Kinachokosekana hapo hakizibwi kwa kuongeza uhakika moyoni. Ni uhusiano kati ya imani na jambo lenyewe. Mwanafalsafa Alvin Goldman ndiye aliyelisukuma wazo hili mbele kuliko wengine: imani huhesabiwa kuwa na uhalali inapotokana na njia ambayo kwa kawaida hufikisha kwenye ukweli. Nami naongeza neno moja, "mahali": njia hiyo itegemeke pale inapotumika. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Amazon ya Peru kuna falciparum waliopoteza jeni ya HRP2, yaani vimelea ambao kipimo kile kinaweza kisiwaone kabisa. Baadaye wakaonekana kwa wingi Eritrea, na mwaka 2016 nchi hiyo ikabadilisha aina ya kipimo.

Mwenye shaka ataniuliza: umejuaje kwamba njia yako inategemeka? Kwa hadubini. Na hadubini je? Kwa kupima vinasaba. Najua ananirudisha kwenye mnyororo wa Sextus. Lakini sharti kwamba asiyejua kuwa anajua basi hajui, silikubali. Shaka nayo inadai sababu yake. Taarifa ya Peru ilikuwa sababu, ndiyo maana watu walitoka wakapima. "Huenda kila kitu ni ndoto" haimwambii mtu yeyote apime nini.

Nakiri msimamo huu una upande mchungu. Fikiria wahudumu wawili kabla ya 2016, mmoja Eritrea, wa pili mahali ambapo vimelea hao hawapo. Kila mmoja anampima mtu asiye na malaria, kipimo kinasema hana, na wote wawili wamefuata kila hatua. Wa pili anajua. Wa Eritrea ameamini jambo la kweli kwa uangalifu uleule, lakini kipimo chake kingeweza kusema hivyohivyo hata kama mtu yule angekuwa anaumwa. Wasomaji wengi watasema huo ni uonevu, kwa sababu hakukosea popote. Hakukosea kweli, na hakuna wa kumlaumu. Hakujua tu.