Viza kwa watoto wa ndugu waliozaliwa ughaibuni wanaokuja Tukuyu: fuata pasipoti

Ugonile dada. Umeuliza kama watoto wa kaka yako waliozaliwa Marekani, pamoja na mama yao Mmarekani, wanahitaji viza kuja Tukuyu Desemba kumwona bibi, na kama kuna unafuu kwa kuwa baba ni Mnyakyusa wa hapo hapo Rungwe. Viza inafuata pasipoti anayosafiria mtu, haiangalii ukoo. Mwenye pasipoti ya Marekani analipia viza ya kuingia mara nyingi, dola 100, hata kama anakuja mara moja kwa wiki mbili. Inadumu miezi 12, ila kila anapoingia asikae zaidi ya siku 90. Wenye pasipoti za Uingereza au Ujerumani wanatosheka na viza ya kawaida, ya kuingia mara moja, dola 50. Mtoto mchanga naye anaombewa yake.

Kabla hamjalipa, tazameni jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau. Kaka yako alikuwa bado raia wa Tanzania siku watoto walipozaliwa? Kama ndiyo, na yeye mwenyewe alizaliwa nchini, watoto ni raia kwa kurithi, na mtu aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Wanaweza kuombewa pasipoti ya Tanzania kupitia ubalozi, ingawa kwa safari ya Desemba hii muda hautoshi, kwa hiyo viza ndiyo njia. Wakishafika miaka 18 sheria inawataka wachague. Na kama kaka mwenyewe ameshaapa uraia wa Marekani, uraia wake wa Tanzania ulikoma siku ile. Naye anaomba viza. Ile pasipoti yake ya zamani ya Tanzania asiitoe kabisa kwenye dirisha la Uhamiaji, hata kama tarehe yake haijaisha.

Maombi yanafanyika visa.immigration.go.tz. Angalia sana hiyo .go.tz mwishoni, maana ukiandika tu "viza ya Tanzania" mtandaoni zinatangulia tovuti za mawakala zinazofanana na ya Uhamiaji na kutoza juu ya ada. Andaeni pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 kuanzia siku ya kuingia, nakala safi ya ukurasa wenye picha, picha ndogo ya sura na tiketi ya kwenda na kurudi. Malipo ni kwa kadi ya benki, na ombi likikataliwa ada hairudi. Majibu huchukua takriban siku 10 za kazi, lakini Desemba watu ni wengi, kwa hiyo tumeni mwezi mmoja na nusu kabla. Jibu linakuja kwa barua pepe. Lichapeni kwenye karatasi, kwa sababu simu ikizima mkiwa kwenye foleni ya Dar mtahangaika.

Ombi likikwama, mara nyingi ni kwa sababu ya jina. Majina yetu ya Mwa- ni marefu, na herufi l na r zinabadilishana: babu ameandikwa Mwakalinga, pasipoti ya mjukuu imeandikwa Mwakaringa, tiketi imekatwa "Mwa Karinga" kwa nafasi katikati. Fomu ifuate pasipoti herufi kwa herufi, na tiketi vilevile. Tofauti ya jina la babu haina shida, yeye ni mwenyeji tu.

Sehemu ya mwenyeji wengi wanaijaza ovyo. "Tukuyu, Mbeya" pekee haitoshi. Weka jina kamili la anayewapokea, namba ya simu inayopatikana, kijiji, kata na Wilaya ya Rungwe, na kama nyumba imeshawekewa kibao cha anwani ya makazi, andika namba yake. Barua fupi ya mwaliko pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mwenyeji inasaidia ofisa akiuliza. Mama akija na watoto peke yake, abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba.

Sababu ya safari iandikwe kama ilivyo, kutembelea ndugu. Hapa nasema kwa uzito: mama huyo kama ni nesi au mwalimu, asikubali kushika zamu kwenye zahanati ya kanisa au kufundisha wiki moja shule ya kijijini kwa viza hii. Kujitolea bila malipo nako kunahesabiwa kazi na kuna kibali chake. Watu wema wameingia matatani kwa hilo, na aliyewaalika pia.

Chanjo ya homa ya manjano inategemea njia. Wakitoka Marekani kupitia Ulaya hawaulizwi kadi. Wakipitia Addis Ababa au Nairobi na kusubiri uwanjani zaidi ya saa 12, kadi inatakiwa kwa kila aliyefikisha mwaka mmoja, na sindano iwe imechomwa siku 10 kabla. Wakitaka kushuka Zanzibar, kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni mtu mzima. Mifuko ya plastiki ya kubebea waiache huko huko.

Mhuri na alama za vidole ni Dar, maana ndege ya kwenda Songwe, uwanja wa Mbeya, ni ya ndani. Kutoka Songwe mnapita Mbeya mjini, Uyole, kisha mnashuka kwenda Tukuyu.

Jambo la mwisho ni mipaka. Kutoka Tukuyu kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, ni karibu, na ndugu wa Karonga ng'ambo ya pili watataka kuwaona watoto. Wenye viza ya kuingia mara nyingi watarudi bila taabu, ila waulize kwanza masharti ya Malawi kwa pasipoti yao. Mwenye viza ya kawaida akivuka daraja la mto Songwe, viza yake imeisha, na akirudi analipa dola 50 nyingine. Tunduma ni hivyo hivyo: watu wanavuka kwa miguu kwenda Nakonde kununua vitu kana kwamba ni mtaa wa pili, lakini mgeni akipita bila mhuri ameingia Zambia kinyume cha sheria.

Na pale dirishani Dar, kabla ya kusogea, kila mmoja afungue pasipoti asome idadi ya siku iliyoandikwa kwenye mhuri. Kama ni pungufu ya mliyotarajia, ulizeni hapo hapo kwa upole. Kurekebisha ukiwa mbele ya ofisa ni dakika chache, ukishaondoka ni safari ya kwenda ofisi ya Uhamiaji, na ni lazima mwende kabla siku hazijaisha.