Hiyo "fomu ndogo ya picha" usiisaini mlangoni, nakuomba

Mkuu nimesoma bandiko lako usiku nikashindwa kulala. Unasema tamthilia mmemaliza kushuti, kazi nyingine huna mpaka baada ya miezi mitano, kuna taasisi ya hisani inataka uwe balozi wake, hafla ni Jumamosi na ukifika watakupa "fomu ndogo ya picha" usaini. Halafu ukauliza uvae nini, uwaambie nini waandishi, uposti kila siku au ukae kimya, na kama ni sawa kuanza kujifunza pikipiki kipindi hiki. Mimi macho yangu yaligota kwenye fomu. USISAINI. Na nyie mliomjibu hapo juu kwamba "nenda tu, hisani inajenga jina", hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo fomu imeandikwa nini, inaniuma sana.

Mimi nilisaini. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya miezi saba, simu imenyamaza, unajua ile hali unaamka asubuhi huna pa kwenda na mtaani bado wanakuita kwa jina la mhusika. Nikaitwa kwenye kampeni ya kuchangia vitabu kwa watoto waliolazwa hospitalini. Kampeni nzuri kabisa, ningeenda hata bila kuitwa. Nafika mlangoni, dada mmoja ana spika ya sikioni ananipa ubao wenye karatasi moja, kalamu imefungwa kwa uzi, huku nyuma yangu wenzangu wamepanga foleni na mtu wa vipodozi ananipangusa jasho la paji la uso. Nikamuuliza meneja wangu wa wakati ule, hii nini? Akasema, "Saini, hiyo kawaida tu, kwenye hisani hakuna mikataba." Nikasaini nimesimama, kwa sekunde kumi hivi. Mstari wa tatu, ambao nilikuja kuusoma baadaye sana, ulisema picha zangu zinaweza kutumiwa na waandaaji "na washirika wao, kwa njia yoyote, mahali popote, bila kikomo cha muda".

Washirika wao. Mdhamini mkuu wa hafla alikuwa kampuni ya simu.

Siku ile nilipigwa picha nimekaa kitandani kwa mtoto mmoja wa kike namsomea, yeye kaniegemea mkono begani. Picha nilipenda mpaka nikaichapisha nikaiweka ukutani. Miezi tisa baadaye nikaitwa kwenye majaribio ya matangazo ya kampuni nyingine ya simu, mshindani wa yule mdhamini, mkataba wa miaka 2, hela ambayo ingenitoa kabisa kwenye presha ya kukubali kila kazi inayokuja. Nikapita raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanasheria wao akaniuliza, umewahi kuonekana kwenye tangazo la simu? Nikamjibu hapana, na nilikuwa nasema ukweli ninaoujua. Akaniandikia nithibitishe, nikathibitisha kwa saini tena.

Siku mbili baadaye wakanitumia picha ya bango. Sura yangu, kubwa, natabasamu, pembeni simu na nembo ya yule mdhamini. Mtoto wamemkata. Kitanda wamekifuta, kitabu nilichoshika wamekigeuza kuwa simu. Ila hawakumaliza kazi yao vizuri, begani kwangu vilibaki vidole vinne vya yule mtoto. Nilivitazama vile vidole mpaka machozi yakatoka, na sioni aibu kulisema hilo.

Kazi ikaondoka siku hiyohiyo, na hela ilikuwa sehemu ndogo ya maumivu. Wale watu walibaki wanaamini nimewadanganya, na mtu wa kutafuta waigizaji aliyenipeleka pale alikaa zaidi ya mwaka bila kuniita popote. Nimeenda kwa mwanasheria, kasoma ule mstari wa tatu, kanirudishia karatasi, kasema umewapa mwenyewe. Meneja nilipombana akasema na yeye hakuisoma. Hakuisoma! Mtu anakata asilimia yake kwenye kila kazi yangu kwa sababu moja tu, asome ninachosaini, halafu hakusoma karatasi ya ukurasa mmoja, ila siku ile ya hafla alitoka na simu mpya ya zawadi mfukoni. Tuliachana wiki ile.

Sasa kuna aliyekuandikia hapo juu kwamba mastaa wote wanafanya, mwigizaji Danny Kaye alianza na UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, 1954, na mwigizaji mwenzake Audrey Hepburn akapewa ubalozi 1989. Ni kweli, lakini hao waliteuliwa rasmi na shirika lenyewe, hawakushikishwa karatasi mlangoni. Na hata ukiwa mkubwa, hisani na biashara vikigongana wewe ndiye unaumia. Mwigizaji Scarlett Johansson alikuwa balozi wa shirika la misaada la Oxfam tangu 2007, Januari 2014 akatangazwa kuwa sura ya SodaStream, kampuni ya mashine za kutengeneza soda nyumbani, ambayo wakati huo ilikuwa na kiwanda kwenye makazi ya walowezi wa Israel kule Ukingo wa Magharibi, na Oxfam inapinga biashara na makazi hayo. Mwezi haujaisha akaachia ubalozi. Miaka saba ikaishia hapo.

Na usikubali wakuambie kutokea kwenye hafla sio kazi. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kilipogoma mwaka 2023 kuanzia 14 Julai mpaka 9 Novemba, siku 118, wanachama walikatazwa hata kupita kwenye zulia jekundu kutangaza filamu walizoshamaliza kucheza. Uso wako kuonekana ni kazi, na kazi ina karatasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, sio Jumamosi, waandikie wakutumie fomu kabla. Wakisema "utaikuta pale pale", jibu utaenda kama mgeni bila kupigwa picha za kampeni. Wakituma, tafuta maneno "washirika", "wadhamini", "yoyote" na "bila kikomo", yakate kwa kalamu, kisha andika kwa mkono wako: "Picha zitatumika kutangaza kampeni hii pekee, kwa miezi 6 kuanzia leo, hazitahaririwa kubadili maana yake, na hazitapewa mdhamini bila ridhaa yangu mpya ya maandishi." Saini pembeni ya ulipokata, na wao wasaini, ubaki na nakala. Mimi nafanya hivi kila mara, na taasisi zenye nia njema zinakubali bila hata kununa. Waliowahi kunikatalia ni wawili tu, na wote walikuwa na mdhamini nyuma.

Pikipiki nayo ni yaleyale, kama hiyo kazi ya miezi mitano ijayo umeshaisaini soma mkataba, nyingi zinakataza michezo ya hatari mpaka shuti iishe kwa ajili ya bima. Mwigizaji Paul Newman alikimbiza gari kwenye mbio za Le Mans kule Ufaransa 1979 na timu yake ikashika nafasi ya pili, lakini wewe mkuu bado unatafuta jina, ukivunjika mguu nafasi anapewa mwingine.

Watoto sijawaacha. Nikiwa sina kazi naenda wodini kila Jumatano mchana kusoma, sisaini kitu na simu naiacha mapokezi. Kuna mmoja ana miaka sita ananisahihisha nikikosea sauti ya fisi.

Hiyo fomu ikifika, ziba majina, ipige picha uiweke hapa hapa kwenye uzi. Nitakuwepo mpaka Ijumaa usiku, tutaisoma mstari kwa mstari.