Breki ya mashine ya nyasi haiponi kwa kukazwa nati

SWALI: Ninasimamia viwanja vya shule moja ya sekondari huku Lushoto, na uwanja wetu wote uko mteremkoni. Tuna mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, ya gia, yenye pedali moja inayofanya kazi ya klachi na breki. Breki ya kuegeshea haishiki tena. Fundi ameikaza mara tatu tangu Januari, sasa nati ya kurekebishia breki imefika mwisho wa meno, mashine bado inateremka, na siku hizi mkanda unatoa harufu ya kuungua. Anashauri tununue bolti ndefu zaidi. Kwa sasa tunazuia gurudumu kwa jiwe. Je, bolti ndefu itatusaidia, au ni gia boksi imekufa?

JIBU: Bolti ndefu usinunue, na gia boksi iacheni. Pedi za breki zimekwisha. Nina uhakika hata kabla ya kuiona mashine yenu, kwa sababu nati iliyofika mwisho wa meno huwa inasema jambo hilo hilo kila ninapoikuta, na ninaikuta kila mara.

Nati ile kazi yake ni kuondoa nafasi kidogo inayotokea pedi zinapolika. Mkiikaza mara moja kwa msimu, sawa. Ikikazwa mara tatu ndani ya miezi michache, fundi anafukuzana na pedi ambayo haipo tena. Sasa hivi kinachokandamiza diski, yaani chuma cha duara kinachobanwa na pedi, ni chuma kitupu. Chuma juu ya chuma kinagusa mapema lakini hakishiki, na hapo ndipo ilipo harufu ya mkanda wenu. Pedali ya mashine ya aina yenu inafanya kazi mbili kwa mpangilio: kwanza inalegeza mkanda wa kuendesha, kisha inabana breki. Nati ikikazwa kupita kiasi, breki inaanza kukwaruza wakati mkanda bado unavuta, na pengine inakwaruza hata mguu ukiwa umeondoka kwenye pedali. Mkanda unateleza kwenye puli na kuungua. Mkifunga bolti ndefu mtapata breki isiyoshika pamoja na mkanda uliokatika.

Sasa niseme kinachoniudhi zaidi, maana nadhani ndicho kilichomponza fundi wenu. Wengi wanapima breki hii kwa kuinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, kufunga breki, kisha kuzungusha gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka, wanatangaza kwamba breki haijashika, na spana inaingia kazini. Lakini tazama gurudumu la pili: linazunguka kinyume! Hiyo ni difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke tofauti, inafanya kazi yake. Kwenye mashine nyingi hizi breki haiko gurudumuni kama kwenye gari, iko kwenye shafti inayotoka ubavuni mwa gia boksi, kabla ya difu. Hata breki mpya kabisa itaruhusu gurudumu moja liende mbele na la pili lirudi nyuma yakiwa hewani. Fundi asiyejua hili anaweza kukaza mpaka kesho na hatapata anachokitafuta. Nimeshapokea mashine ambazo breki zake zilikuwa nzima siku zilipopelekwa kwa fundi wa kwanza.

Jambo hilo hilo lina hatari nyingine. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma ukitegemea breki ya kuegeshea, umebaki bila breki. Lile lililo hewani litazunguka huru, na lililo chini litakwenda linakotaka.

Kipimo sahihi hakihitaji jeki. Weka mashine kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare, zima injini, weka gia katikati, funga breki, kisha sukuma kwa nguvu kutoka nyuma. Magurudumu ya nyuma yakikataa kuzunguka, yakaburutwa tu, breki iko sawa. Yakizunguka, fungua uangalie. Kwa wenye mashine zisizo na gia za kubadilisha, zinazoendeshwa kwa presha ya oili, vuta kwanza kile kiwenzo cha nyuma cha kuachia magurudumu, la sivyo utakuwa unapima oili badala ya breki.

Kufungua siyo kazi kubwa. Toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, zuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao pande zote mbili. Mara nyingi itabidi utoe gurudumu la nyuma ndipo uione diski, chuma cha duara kama kisosi, ubavuni mwa gia boksi. Chomoa springi na fimbo ya breki, fungua bolti mbili zinazoshika mkono wa breki, kisha ushushe kila kitu taratibu juu ya kitambaa, kwa mpangilio ule ule kilivyotoka. Utakuta pedi ndogo ndani ya mkono wa breki, nyuma yake kibati chembamba, halafu diski, halafu pedi ya pili iliyojificha kwenye mfuko wa gia boksi yenyewe.

Hiyo pedi ya pili ndiyo inayosahaulika. Fundi anabadilisha ile anayoiona, anafunga, anaondoka. Na kile kibati kinadhaniwa ni uchafu, kinatupwa. Bila kibati, pini za mkono wa breki zinadidimia moja kwa moja kwenye pedi na kuipasua katikati.

Kisha shika diski kwa vidole viwili uisogeze kushoto na kulia juu ya meno ya shafti yake. Lazima itembee. Breki hii inasukuma upande mmoja tu, na diski inatakiwa ikubali kusogea hadi ikutane na pedi ya ndani. Ikiwa imeganda kwa kutu, na huko kwenu kwenye ukungu na nyasi mbichi kutu ni jambo la kawaida, pedi moja itafanya kazi peke yake. Ukitoa pedi mbili na kukuta moja nyembamba kama ganda na nyingine karibu mpya, basi umeshapata jibu. Safisha meno ya shafti kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo sana, futa inayozidi. Isifike kwenye uso wa diski.

Pedi zikiwa nyeusi na zimelowa, sili ya shafti, ule mpira unaozuia oili isitoke, inavuja, nayo ibadilishwe kwanza. Usikubali ziloweshwe petroli au zichomwe moto ili kukausha oili. Oili imeshaingia ndani, itarudi juu siku ya kwanza breki ikipata joto. Diski yenye mifereji ya kina ibadilishwe pia. Ikiwa imechubuka juu juu tu, msasa unatosha.

Wakati wa kurudisha, ondoa breki, ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kati ya pedi na diski, ndipo ukaze nati. Kwenye mashine nyingi za aina hii nafasi ni kati ya milimita 0.25 na 0.4, lakini kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yenu ndicho cha kufuata. Nati itakaa mbali kabisa na mwisho wa meno. Spliti pini weka mpya.

Pedi halisi ni spea ndogo, na namba ya gia boksi iliyogongwa kwenye kibandiko chake inatosha kuziagiza. Ndiyo maana hasira inanipanda nikikuta kipande cha lainingi ya lori kilichokatwa kwa msumeno na kubandikwa kwa gundi, au kipande cha tairi. Mtu amelipwa kwa kazi hiyo, na aliyemlipa amerudi mteremkoni akiamini ana breki.

Baya kuliko yote ni swichi. Mashine hizi zimewekewa swichi kwenye pedali na chini ya kiti: injini isiwake breki ikiwa wazi, na izime dereva akinyanyuka bila kufunga breki. Breki ikianza kusumbua, swichi nazo zinaanza kuonekana kero, na kuna watu wanaojiita mafundi wanaounganisha waya moja kwa moja na kusema tatizo limekwisha. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mashine kutoka hoteli moja iliyofanyiwa hivyo. Kijana alishuka injini ikiwa inaunguruma, akaenda nyuma kutoa nyasi zilizoziba bomba. Mashine ilirudi nyuma, ikampanda mguu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Nilipofungua, breki haikuwa na pedi hata moja, na nati ilikuwa imekazwa hadi mwisho, kama yenu. Kagueni na swichi zenu leo: kaa kitini, acha pedali, jaribu kuwasha. Ikiwaka, waya umeshachezewa au swichi imekufa.

Na jiwe mnaloweka gurudumuni, najua mnafanya mnachoweza, lakini kwenye nyasi zenye umande jiwe linateleza pamoja na gurudumu. Vitabu vingi vya mashine hizi vinakataza mteremko unaozidi digrii 15, yaani unaopanda kama sentimita 27 kwa kila mita moja, na hapo wanazungumzia mashine yenye breki nzima, inayokata kwa kupanda na kushuka, siyo kwa kukata mteremko kiubavu. Pimeni uwanja wenu kwa ubao na pima maji ya fundi mwashi. Mpaka pedi zifike, mashine ibaki kwenye sakafu ya banda, ufunguo ukae kwako, na wanafunzi wasiisogelee.