Mkonge au sufu sebuleni?

Dada, umeuliza ununue zulia la mkonge au la sufu kwa sebule yako hapo Moshi, na watoto wawili wanamwaga chai kila siku. Mimi ningechukua sufu, hata kama itabidi uchukue dogo.

Mkonge unavumilia kukanyagwa, lakini haupatani na maji. Langu lilimwagikiwa chai ya maziwa, nikalisugua kwa brashi na maji ya sabuni. Likakauka na baka la kahawia kubwa kuliko doa lenyewe! Halafu watoto wakichezea chini, magoti yanawawasha.

Sufu ina mafuta yake ya asili, kwa hiyo chai hukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Wahi na kitambaa cheupe kikavu, gandamiza toka ukingoni mwa doa kwenda katikati, usisugue. Jiki usithubutu, inakula sufu. Nondo nao wanaipenda, hasa pale chini ya kochi pasipofagiwa, basi sogeza kochi mara moja moja.

Kama mkonge umeshakuteka moyo (wa kwetu Tanzania ni mzuri, sikatai), uweke chumbani, mbali na mlango wa nje. Masika, Machi hadi Mei, sakafu ya saruji hutoa unyevu. Linyanyue zulia uliegemeze ukutani upepo upite. Vumbi jekundu likung'ute kwa kulipiga mgongoni, nje, siku kavu.

Na kabla ya kulipa, lipinde kona uangalie nyuma. Gundi ikipukutika, liache hapo hapo dukani.