Genge la mama nalo ni shughuli

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ni haki vyuo vya Marekani kuwapima vijana wetu kwa shughuli za nje ya darasa, wakati hapa nyumbani matokeo ya kidato cha sita yanatosha na hakuna anayekuuliza Jumamosi ulikuwa wapi. Jibu la haraka ni kwamba si haki. Mtoto wa shule ya ada ya mamilioni ana bwawa la kuogelea, klabu ya roboti na mwalimu aliyeajiriwa kumwandikia barua. Wa shule ya kata ana ufagio na zamu ya maji. Ila ukiishika fomu yenyewe, hoja hiyo inaanza kupwaya. Wengi wa hawa wa shule ya kata wana shughuli tele, na wanazificha.

Tuanze na fomu. Common App, fomu moja ya maombi ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina nafasi 10 za shughuli. Kila nafasi inakupa herufi 50 za kutaja wadhifa wako, 100 za jina la kikundi au mahali, na 150 za maelezo. Nukta, koma na nafasi tupu vyote vinahesabiwa. Halafu unaweka alama kwenye madarasa uliyokuwa ukifanya shughuli hiyo, unasema ni wakati wa masomo, likizo au mwaka mzima, kisha saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Tuzo zina sehemu yake: 5, herufi 100 kila moja. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, wana fomu yao wenyewe na wanataka shughuli 4 tu, kwa hiyo anayekwambia lazima ujaze zote kumi anakupotezea muda.

Madarasa yao ni 9 hadi 12. Hesabu kwa kurudi nyuma: kidato cha sita ni 12, cha tano 11, cha nne 10, cha tatu 9. (Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 ataanza 9 na kidato cha kwanza.) Uskauti ulioanza ukiwa kidato cha kwanza hauna kisanduku chake, taja mwaka ulioanza ndani ya maelezo.

Sasa chukua binti mmoja wa Mbagala. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na shughuli tisa. Klabu ya mazingira, iliyokutana mara mbili. Klabu ya Kiingereza. Kwaya. Na “mwanzilishi” wa asasi ya kuwawezesha wasichana, yenye nembo nzuri na haijawahi kufanya kikao hata kimoja. Mwalimu aliyeisoma alijumlisha saa zake za wiki, akaona wikiendi nzima iko wazi, akamuuliza Jumamosi hufanya nini. “Si nakuwa gengeni kwa mama,” akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapiga mswaki.

Ikabainika kwamba tangu kidato cha tatu, akiwa shule ya kutwa, alikaa gengeni saa 8 kila wikiendi. Baada ya mtihani wa kidato cha nne, ile miezi saba na kitu ya kusubiri kidato cha tano, alikuwa hapo siku sita kwa wiki, saa 6 kwa siku. Alikwenda soko la Temeke Stereo alfajiri, akachagua nyanya, akapanga mafungu, akatunza daftari la wanaokopa. Mchicha ulikuwa unamuumiza: ukinunuliwa alfajiri, saa saba mchana umeshalala. Kwa wiki mbili akaandika kila jioni mafungu mangapi yametupwa. Akagundua Jumatatu na Jumanne wananunua wingi uleule wa Jumamosi, na wateja hawapo. Akapunguza manunuzi ya siku hizo mbili, akafunika mchicha kwa gunia bichi, na ikifika saa kumi jioni bei inashuka. Mafungu kumi ya kutupa yakawa matano.

Hayo yote hayakuwemo kwenye fomu. Na alipoambiwa ayaandike, akaandika kwamba alimsaidia mama yake na kujifunza thamani ya bidii, uvumilivu na kuwahudumia watu wa aina mbalimbali. Sentensi hiyo angeweza kuiandika hata mtu asiyewahi kuliona genge. Vitenzi vya kusaidia na kujifunza vinakula herufi bila kuonyesha mkono umefanya nini. Toleo la mwisho, kwa Kiswahili kabla ya kutafsiriwa, lilikuwa hivi: “Nyanya, vitunguu, mchicha: nilinunua sokoni alfajiri, nikapanga bei za mafungu, nikaandika madeni ya wateja 23, mchicha wa kutupa ulipungua nusu.” Herufi 145, zikabaki tano. Kwa Kiingereza urefu unabadilika, kwa hiyo hesabu upya, na uandike pembeni kwanza ndipo ubandike.

Saa zilisumbua zaidi, maana fomu inataka namba moja kwa miaka yote. Wakajumlisha. Wikiendi za vidato viwili: saa 8 mara wiki 40 mara miaka 2, yaani 640. Ile miezi ya kusubiri: saa 36 mara wiki 28, yaani 1,008. Likizo za kidato cha tano na cha sita, alipokuwa bweni: saa 36 mara wiki 10, yaani 360. Jumla 2,008. Gawanya kwa miaka minne, unapata 502 kwa mwaka. Kwa wiki 40 ni saa kumi na mbili na nusu. Akaandika 12. Ukiwa na nusu, shuka. Kuna wanaojaza saa 15 katika kila moja ya shughuli kumi: hizo ni 150, na wiki nzima, pamoja na kulala, ina 168.

Kundi lipi? Hakuwa akilipwa, basi si kazi ya mshahara. Fomu ina kundi la majukumu ya familia, na wengi hulipita kwa aibu wakidhani ni la kufagia uwanja. Genge likapanda hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa orodha hupangwa kwa uzito na msomaji aliyechoka huenda asifike ya kumi. Asasi yenye nembo ikafutwa.

Mengine kwa kifupi. UMISSETA usiiandike kwa herufi zake. Sema mashindano ya kitaifa ya michezo ya sekondari, kisha ngazi uliyofika. Miezi ya JKT inaingia. Kiranja wa chakula aliyekuwa akisimamia upimaji wa maharage ya shule nzima ana cha kusema kuliko kiranja mkuu aliyesoma ratiba paredi. Vyeti vya semina za “uongozi” za kulipia, siku tatu hotelini, mimi ningeviacha. Na anayeomba Oxford au Cambridge asipeleke orodha hii kama ilivyo. Kule wanataka uliyosoma na kuyafanya kuhusu somo lako.

Nilianza kwa kusema si haki. Hapa nilipofika, naona hiki ni kipimo kimojawapo ambacho genge la Mbagala linaweza kuonekana, maana kwenye cheti cha NECTA halionekani kabisa. Basi vyuo viendelee kuuliza. Lakini natoa kauli hii nikiwa na mashaka mawili. Huyu alipata mwalimu wa kumuuliza habari za Jumamosi, na wengi hawampati. Pia fomu haidai ushahidi wa genge, kwa hiyo mwenye ada ya mamilioni naye anaweza kujitungia la kwake. Kinga iliyopo ni barua ya mwalimu: kabla hujatuma, mwonyeshe anayekuandikia barua mstari wa kwanza wa orodha yako, asije akakuelezea kama mtulivu wa darasani tu wakati fomu inasema una daftari la wadeni 23.